Huu si utani, ni dhihaka

Kuna maneno ambayo husemwa katika majilisi ya walimu karibu kila siku ya kazi, yakazua kicheko, kisha yakasahauliwa na wote isipokuwa yule aliyelengwa. Mwalimu wa kike anapochelewa kufika, huulizwa mbele ya watu kama bwana alikataa kumwachilia. Anaporejea kutoka likizo ya uzazi, huambiwa kwamba mapumziko yamemkubali. Akiteuliwa kuongoza idara ya hisabati, husikika sauti kutoka pembeni ikiuliza ni nani sasa atakayetengeneza chai. Akikunja uso, huambiwa kwamba hajui mzaha.

Nimefundisha katika shule za upili kwa zaidi ya miaka 20, na maneno ya namna hii nimeyasikia mashambani na mijini, katika shule za wavulana na za mseto. Siku hizi hayaishii mezani penye vikombe. Yamehamia katika makundi ya simu ya walimu, ambako huambatana na picha na kubaki yakisomwa usiku kucha. Ndiyo maana naona si busara kuendelea kuyapuuza kana kwamba ni porojo za wakati wa mapumziko.

Watetezi wa mizaha hii hukimbilia hoja moja: kwamba sisi Waafrika ni watu wa utani, na kwamba anayekasirika ameharibiwa na mambo ya kigeni. Hoja hiyo haina mashiko. Utani tunaoujua una kanuni zake. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu", naye binti humjibu papo hapo kwamba hawezi kuolewa na kizee asiye na meno. Wote wawili hucheka, na waliopo hucheka pamoja nao. Mabinamu nao hutaniana vivyo hivyo. Kila mmoja anamjua mtani wake, anaijua mipaka na, juu ya yote, ana ruhusa ya kurudisha.

Je, mwalimu kijana wa kike aweza kumtania naibu wa mwalimu mkuu juu ya kitambi chake, au juu ya mambo ya chumbani mwake? Hathubutu. Basi palipo na upande mmoja tu unaotania, Kiswahili kina maneno mengine: dhihaka, kejeli, stihizai. Sisi tunaowakata wanafunzi alama kwa kuchanganya msamiati tungepaswa kuwa wa kwanza kuyatumia mahali pake.

Lakini hata jina hilo si kiini cha jambo. Kiini ni kazi ambayo dhihaka hii hufanya. Nilipata kuhudhuria mkutano wa walimu katika shule ambayo sina haja ya kuitaja, ambapo alikuwa akitafutwa mtu wa kusimamia mitihani. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la mwalimu wa kike, mwenye uzoefu kuliko wengi waliokuwapo. Bwana mmoja akasema kwamba siri ya mtihani haiwezi kulala hata usiku mmoja kifuani mwa mwanamke. Watu wakaangua kicheko. Kilipotulia, jina la pili likatajwa, na la kwanza halikurudi tena. Nilipouliza mwishoni kwa nini jina lile liliachwa, niliambiwa kwamba halikuachwa, lilipitwa tu.

Tazama jinsi jambo lilivyotendeka. Hakuna aliyesema kwamba mwalimu yule hawezi kazi. Lau angesema hivyo, angedaiwa ushahidi, na ushahidi hakuwa nao. Mzaha ulimwezesha kumpiga mwenzake bila kutoa hoja, na kicheko cha wengine kikawa kura. Kwa hivyo wanaosema kwamba maneno hayavunji mfupa wanapima jeraha mahali pasipo pake. Kilichopotea pale ni wadhifa, na pamoja na wadhifa, sifa ambayo ingeandikwa katika faili ya mwalimu huyo siku ya kuhojiwa kwa ajili ya kupandishwa cheo.

Hila hii si ya majilisi peke yake. Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, baadhi ya wabunge waliiacha hoja ya bustani wakamdhihaki yeye na wenzake wa Green Belt Movement kuwa ni kundi la wanawake waliopewa talaka. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, naye alisema hadharani kwamba mwanamke afuataye mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Huyu alikuwa mwanamke aliyekuwa na shahada ya uzamifu tangu mwaka 1971.

Jibu la Profesa Maathai lafaa kufundishwa. Hakuitetea ndoa yake iliyovunjika, wala hakuzichimbua ndoa za wabunge. Alisema kwamba jambo lililokuwa mbele ya taifa lilihitaji kiungo kilicho juu ya shingo, si maumbile ya mwanamke. Kisha akarudi kwenye bustani. Jumba lile halikujengwa, na mwaka 2004 akatuzwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Naiona nguvu ya jibu lake katika kule kurudi kwenye bustani. Dhihaka hutaka kubadilisha mada. Anayemlazimisha mdhihaki kurudi kwenye mada huwa amemnyang'anya alichokitaka.

Msomaji atauliza sheria yasemaje. Inasema mengi kuliko wengi wetu tunavyodhani, na machache kuliko tunavyohitaji. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaadhibu unyanyasaji wa kimapenzi unaotendwa na mwenye mamlaka au mtumishi wa umma anayerudia kumtaka mtu asiyemtaka. Mswada wenyewe ulipokuwa ukijadiliwa, mbunge mmoja alidai kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema la huwa ana maana ya ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Hata hivyo, mzaha wa mfanyakazi mwenzako asiye na cheo kukuzidi haukufikiwa vyema na sheria hiyo.

Ulifikiwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 6 kinamtaja waziwazi mfanyakazi mwenza, si mwajiri peke yake. Kinataja lugha ya kimapenzi, iwe ya kutamkwa au ya kuandikwa, na kinataja picha. Kipimo chake ni kama tendo lile halikutakiwa, na kama kwa hali yake linadhuru kazi ya aliyetendewa au hata kuridhika kwake na kazi hiyo. Kicheko cha waliosikiliza hakimo katika kipimo. Zaidi ya hayo, kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa, baada ya kushauriana nao, kutoa taarifa ya sera juu ya unyanyasaji wa aina hii na namna ya kupeleka malalamiko.

Hata hivyo, maneno kama yale ya siri ya mtihani hayana lugha ya kimapenzi. Yanagusa kifungu cha 5, kinachokataza mwajiri kubagua kwa misingi ya jinsia, na Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 juu ya usawa. Lakini nani ataenda mahakamani kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa mkutanoni? Sehemu kubwa ya dhihaka hizi hupita katika mwanya huu, na kwa hizo jibu la mezani ndilo jibu pekee lililopo.

Wapo wanaoshauri kwamba mwanamke ajibu kwa mzaha mkali zaidi. Sikatai kuwa wapo wanawake wenye ulimi wa namna hiyo, na nakiri kwamba huburudika nikiwasikiliza. Lakini mashindano ya matusi huwapendeza watazamaji, na kesho yake mdhihaki huja na silaha mpya. Lililo bora ni kumwuliza kwa sauti ya kawaida: "Mwalimu, sijaelewa. Una maana gani?" Mzaha wa aina hii huishi kwa yale yasiyosemwa. Anayetakiwa kuyasema hujikuta akitamka mbele ya wenzake kwamba wanawake hawaaminiki, na sentensi hiyo ikisimama peke yake haimchekeshi mtu.

Hata swali hilo haliwezi kuulizwa na kila mtu. Mfikirie mwanafunzi wa ualimu aliyeletwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Yuko hapo kwa muhula mmoja, anakalia kiti cha kuazima, na ripoti ya shule itamfuata chuoni. Mfikirie pia mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba mfupi. Kuwaambia hawa wajitetee wenyewe ni kuwaongezea mzigo. Wao wana haja ya shahidi na ya daftari: siku, maneno yaliyotamkwa, na nani aliyekuwapo. Mwakilishi wa chama cha walimu hawezi kufanya lolote kwa malalamiko yasiyo na tarehe.

Aliye na nafasi kubwa kuliko wote ni mwanamume mwingine aliyeketi pale pale. Mwanamke akipinga, huambiwa ana hasira, au ana jambo nyumbani. Mwanamume akisema, "Ndugu yangu, hebu turudi kwenye ajenda," hakuna jina la kumpa. Hahitaji kutoa hotuba, na kama jambo si zito, aweza kumwita mwenzake kando baadaye. Lakini lililotamkwa ili kubadilisha uamuzi wa mkutano sharti lijibiwe mkutanoni, kabla jina la pili halijatajwa. Mwenyekiti wa mkutano asiyelifanya hilo hajui kazi yake.

Tusisahau walio mlangoni. Kiranja anayeleta madaftari husimama kwenye kizingiti akingoja kuitwa ndani, na masikio anayo. Kisha twaenda darasani kumfundisha methali. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" imo katika mikusanyiko ya methali zetu, na sipendekezi ifutwe. Ni sehemu ya historia ya lugha. Napendekeza mwalimu aiulize swali lile lile: ina maana gani, ilisemwa na nani, na ilimnufaisha nani? Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyewahi kulijadili swali hilo atakuwa amejizoeza jibu ambalo mwalimu wake wa kike alilikosa mkutanoni.

Muhula ujao wanafunzi wa ualimu watawasili tena shuleni wakiwa na barua zao. Kwa desturi hupewa ratiba, vitabu na chaki siku ya kwanza. Taarifa ile ya sera itakiwayo na sheria haizidi kurasa chache. Ingeweza kutiwa katika bahasha hiyo hiyo, ikiwa na jina la mwalimu wa kumwendea.