Njia Hupita Katikati ya Shamba

Katika vijiji vyetu vya Kilimanjaro iko dhambi isiyotajwa sana, maana wanaoitenda ni watoaji wazuri wa sadaka. Ni kufunga njia.

Kijia kilichopita kati ya vihamba, kando ya mfereji, masale huku na huku, sasa kinaishia kwenye ukuta wa tofali na geti lenye kufuli. Mwenye nyumba yuko mjini, huja Krismasi. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni anazunguka hadi barabara ya magari ndipo afike zahanati. Siku ya mazishi wabeba jeneza nao wanazunguka, na mwenye ufunguo hapatikani.

Tunaambiwa: shamba ni langu, hati ninayo. Basi tufungue Maandiko. Katika Mathayo 12 Yesu anapita katika mashamba ya nafaka, wanafunzi wake wanavunja masuke, na Mafarisayo wanawashtaki. Kwa kosa gani? La Sabato tu. Watu wale, waliotoa zaka hata ya mnanaa na bizari, hawakuona kosa lolote katika kupita shambani mwa mtu! Na katika mfano wa mpanzi mbegu nyingine zinaanguka njiani, kwa kuwa njia ilikuwa mle mle shambani. Aliyewanyima Israeli njia ni mfalme wa Edomu, katika Hesabu 20, ingawa waliahidi kutogusa mashamba, mizabibu wala maji ya visima. Je, Mkristo asimame upande wa Edomu?

Wengine wanasema wapitaji huiba ndizi. Ni kweli, wapo. Torati inawajua: Kumbukumbu la Torati 23 inaruhusu kuvunja masuke kwa mkono na kukataza mundu. Mwizi akamatwe, lakini njia haikuiba kitu.

Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, akieleza amri ya tisa, anatuonya tusijipatie mali ya jirani kwa kisingizio cha haki. Hati yaweza kuwa kisingizio kizuri sana. Hata hivyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ambayo wenye hati hupenda kuitaja, nayo inatambua haki ya njia ya umma.

Ndiyo maana tunawatetea akina mama, wazee na vijana wa mtaa wetu wanaotembea vijia hivi Jumamosi, wakifyeka, wakiandika vilivyofungwa na kupeleka orodha kwa serikali ya kijiji. Wameitwa wachochezi, tena na watu wa kanisa. Wachochezi wa nini? Hawajabomoa ukuta wa mtu. Huko Uingereza, mwaka 1932, mamia ya wafanyakazi walipanda mlima Kinder Scout uliofungwa na matajiri, na vijana watano wakatiwa gerezani. Mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria ya kuwafungulia wananchi milima na nyika za namna hiyo. Nao waliitwa wakorofi.

Wenye mageti hatuwaombi wabomoe nyumba. Tunaomba upana wa watu wanne na jeneza, pale pale njia ilipokuwa. Nanyi wazee wa kanisa, njooni Jumamosi na mapanga yenu. Kijia cha kwenda mtoni kimeota magugu.