Filme «Dune»: wapenzi wa kitabu wanabishana, na siye wa mashimo tuko na neno

Ku nyumba moja ya video huku Salamabila, filme ilimalizika na watu hawakutoka. Jenereta ingali inapiga kelele, mwenye fasi anataka kuweka filme ya karate, lakini wachimbaji wamekaa wanabishana juu ya mwanamuke mumoja, Chani. Anaita mududu mukubwa wa muchanga ili aupande, ajiendee. Sababu gani anaondoka? Muzee mumoja alisema: bwana yake anaoa mwingine, basi, ni wivu. Vijana wakakataa kabisa.

Filme ile ni Dune, sehemu ya pili, ya Denis Villeneuve, mutu wa Quebec kule Kanada. Ya kwanza ilitoka 2021, ya pili 2024. Kitabu chenyewe ni cha Frank Herbert, Mumarekani, kilitoka 1965.

Kwa wenye hawajaiona: kuko sayari moja ya muchanga mutupu, jina Arrakis. Mu ule muchanga muko kiungo chenye bei kali, juu bila kile hakuna chombo kinaweza kusafiri kutoka nyota moja mpaka ingine. Ukoo wa Harkonnen walikichuma miaka 80. Siku moja mufalme wa wote anawaondoa, anapatia ukoo wa Atreides ile sayari, kumbe ni mutego. Wenyeji, Wafremen, hakuna mutu aliwauliza. Mutu wa Namoya haombi kuelezwa zaidi. Wabelgiji walichimba pale, Banro ya Kanada ikaanza kutoa zahabu ya biashara Januari 2016, ikasimamisha kazi 2019, kisha mugodi ukapita mu mikono ya wengine. Permi inabadilisha jina, siye tungali na sululu na karai.

Wapenzi wa kitabu walingojea miaka mingi sana sinema yenye kukifuata. Ile ya David Lynch, ya 1984, iliwavunja moyo wengi: kwa mwisho mvua inanyesha ku jangwa sawa muujiza, na kitabu hakisemi vile. Villeneuve alikata hadisi vipande viwili ili asikimbize mambo, na wengi wanasema kama hii njo Dune yenyewe. Wenye kunung’unika hawakosi. Wanauliza karamu ya Arrakeen ilienda wapi. Wanauliza Alia, dada ya Paul, yenye mu kitabu ni mutoto mudogo na ni yeye anaua Baron. Mu filme angali mu tumbo ya mama. Wengine wanalalamika juu ya neno «jihadi», lenye kujaa mu kitabu. Mu filme wanasema tu «vita vitakatifu». Na Waarabu wengi waliuliza sababu gani mambo yao yametumiwa vile na wachezaji wakubwa si wao.

Hapa sisi wa Kasongo na Kabambare tuko na masikio. Paul wanamuita Mahdi. Wanamuita Lisan al-Gaib, na mutoto yeyote wa chuoni anasikia ndani yake «lisani» na «ghaibu». Jina lake Muad’Dib, mu hadisi ni panya wa jangwa, lakini kwa Kiarabu ni mwenye kufundisha adabu. Maneno yenye Mumarekani alisoma mu vitabu, siye tunayo mu kinywa tangu zamani za misafara.

Lakini fasi yenye ilifanya nyumba ya video inyamaze iko mu sehemu ya kwanza. Mashine kubwa inachuma kiungo, mududu unakuja, ndege ya kuinyanyua inaharibika. Duke Leto anatelemuka yeye mwenyewe na vyombo vyake, anaamuru watupe vitu inje ili wachimbaji wapate fasi. Mali yote inamezwa na muchanga. Herbert aliandika vile, na filme imefuata. Mu kitabu kuko Kynes, mutu wa leta mwenye kuchunguza mambo, na ile kitendo inamushangaza: anajikuta anamupenda Duke bila kutaka. Wangapi kati yetu wameona PDG mwenye kuacha muzigo wa mawe ili kwanza atoe watu mu shimo? Wako. Na wenye hawafanyi vile wako pia.

Sasa turudilie Chani. Mu kitabu anabaki. Mama ya Paul anamutuliza, anamuambia kama historia itawaita wao wake wa kweli. Mu filme anakataa kupiga magoti, anaondoka. Kwa hiyo wenye kushika kila herufi wanasema Villeneuve amepotosha. Mimi naona hapana. Herbert alisikitika kuona wasomaji wanamuchukua Paul sawa mukombozi, na mu 1969 akatoa kitabu cha pili ili aonyeshe matunda ya mutu yule: vita na maiti mingi. Villeneuve alisema wazi kama amemupatia Chani kazi ya lile onyo, ili mwenye kutazama asikose kuliona. Amegeuza hadisi ili ashike nia ya mwenye kitabu. Sehemu ya tatu, yenye imepangwa kutoka Desemba 2026, inafuata kile kitabu cha pili.

Wazee wetu hawana lazima ya kuingojea. Mu 1965, mwaka ule ule wa kitabu, mu Fizi na Kabambare kulikuwa waasi Simba, na vijana walipakwa dawa, wakaambiwa waseme «Mai Mulele» na risasi itageuka maji. Wengi walikwenda na ile imani, hawakurudi. Na leo, akifika mugeni mwenye kinywa kitamu, anaahidi kama zahabu itarudi kwa wenyeji, kijana wa shimo anashika bunduki upesi.

Muzee wa wivu alisikiliza yote ile pale ku video. Kisha akauliza swali lenye hakuna mutu alijibu: yule Chani, akisharudi ku muchanga wake, atakula nini?