Mizani Kwanza, Jamani

Mnisamehe kwa kimya cha wiki mbili, nilikuwa msibani. Mjomba wangu amefariki kwa kansa ya utumbo mpana na bado nina hasira, kwa hiyo asiyependa makelele leo asiendelee kusoma.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe. Mwaka 2024 niliandika gazetini habari ya kipimo cha damu cha kugundua mapema kwamba kansa inamla mgonjwa misuli, hali ambayo madaktari huiita kakeksia. Sikudanganya. Ipo protini iitwayo GDF-15, na ikizidi kwenye damu inauambia ubongo ukatae chakula. Mwaka huo zilitoka taarifa za wagonjwa 187 waliokuwa nayo kwa wingi. Baadhi walipewa ponsegromab, dawa ya kuizuia, na baada ya wiki 12 waliopata dozi ya juu waliwazidi wa dawa bandia kwa karibu kilo 2.8. Mhariri akaipa kichwa kikubwa, nami nikavimba kichwa.

Nilichoacha ni kwamba protini hiyohiyo hupanda kwa mjamzito, kwa mwenye figo au moyo mbovu, hata kwa anayemeza metformin ya kisukari. CRP nayo hupanda kwa maambukizi chungu nzima. Kreatinini hutoka kwenye misuli, hivyo misuli ikiisha hushuka, lakini figo zikichoka hupanda, sasa hapo unasoma nini? Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake.

Sasa tuje kwenye kadi ya mjomba. Siku ya kwanza: kilo 71. Baada ya hapo, miezi mitano, sehemu ya uzito ni tupu. Damu alitolewa kila alipokwenda. Mizani ilikuwepo pale pale kwenye kona, imebebeshwa mafaili! Nilipouliza mbona siku hizi suruali anaifunga kwa kamba, nikajibiwa, "Ndivyo kansa ilivyo, kaka." Nikampeleka duka la dawa la mtaani kwetu. Kilo 54.

Tangu 2011 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba mgonjwa wa kansa akipungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6, bila kujinyima chakula, hiyo ni kakeksia. Kwa mjomba ni kilo tatu na nusu tu. Angeonekana mapema, akatibiwa kichefuchefu na maumivu, akapangiwa chakula. Sisemi angepona. Halafu kuna hili linaloninyima usingizi: dozi za dawa nyingi za kansa hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa. Za mjomba zilikokotolewa kwa uzito upi?

Najua kuna atakayeniambia mizani nayo hudanganya. Kweli. Maji yakijaa tumboni au miguuni kilo hazishuki huku misuli inakwisha, na mtu mnene anaweza kuisha misuli bila yeyote kugundua. Hapo ndipo ninapokitaka hicho kipimo cha damu, na watafiti waendelee. Lakini mjomba hakudanganywa na mizani, hakupandishwa kabisa.

Juzi nimempelekea mhariri habari ya mizani. Kasema haina mvuto, nitafute ya kipimo kipya. Ndiyo maana mnaisomea hapa.