MICHEZO ELFU, SIKU TANO



Iko methali ambayo wazee hutumia kumwonya kijana anayekwenda sokoni: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni wazi. Kitu kizuri hungoja mahali pake, na wanunuzi hukifuata. Kitu kibaya huzungushwa barabarani na kusifiwa kwa sauti kubwa. Leo nataka tuichukue methali hii tuipeleke mbali, mpaka mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa, tuone kama ni kweli huko pia. Maana kila mwaka mwezi wa Julai mji ule hugeuka kuwa soko. Si soko la vitambaa wala la samaki, ni soko la michezo ya kuigiza.

Labda mtauliza: Habari hii yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Wengi wetu tuna ndugu na watoto wanaokaa Lyon, Paris ama Bruxelles. Nao, mapumziko yakikaribia, hujiuliza waende wapi na watumie fedha zao namna gani. Tena, hata asiyekwenda popote atapata jambo la kufikiri, kwa sababu kujua kuchagua ni elimu inayofaa kila mahali.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Avignon uko kando ya mto Rhône, nao ungali umezungukwa na kuta zake za zamani, zenye urefu wa kilometa zaidi ya nne. Tangu mwaka 1309 mpaka 1377 Mapapa walikaa huko badala ya Roma. Papa Benedikto XII na Papa Klementi VI ndio waliojenga jumba kubwa la mawe ambalo wageni wa leo huliita Jumba la Mapapa. Ndani yake uko ua mpana, wazi juu, wenye kuta ndefu pande zote.

Mwezi wa Septemba 1947, miaka miwili tu baada ya vita, mchezaji na mwongozi wa michezo aitwaye Jean Vilar aliletwa katika ua ule. Watu waliokuwa wakitayarisha maonyesho ya picha katika jumba walimwomba acheze mchezo mmoja aliokwisha kuuonyesha Paris. Kwanza alikataa. Kisha akarudi na shauri lake mwenyewe: ataleta michezo mitatu. Mmoja ulikuwa wa Shakespeare, juu ya mfalme Richard II. Wa pili ulikuwa wa Paul Claudel, juu ya Tobia na Sara, habari tunayoijua katika Biblia. Wa tatu ulikuwa wa kijana Maurice Clavel, ambaye watu wengi hawakumjua bado. Juma lile walikuja watazamaji kama 4,800, na wengi kati yao hawakulipa kitu. Hivyo ndivyo ilivyoanza sikukuu ya teatri ya Avignon.

Angalieni vizuri namna Vilar alivyochagua: kitabu cha zamani ambacho watu wa dunia nzima hukiheshimu, kazi ya mwandishi mzee wa siku zake, na kazi ya kijana asiyejulikana. Tutalirudia jambo hili baadaye.

Siku hizi mambo yamekuwa makubwa kupita kiasi. Ziko sikukuu mbili katika mji mmoja. Ya kwanza ndiyo ile ya Vilar, nayo huitwa In. Wakubwa wake huchagua wenyewe michezo kama arobaini hivi, wakaiweka katika Jumba la Mapapa, katika nyua za monasteri za zamani, katika makanisa madogo, hata katika shimo la mawe la Boulbon nje ya mji. Ya pili huitwa Off. Hiyo ilianza mwaka 1966, wakati André Benedetto alipoonyesha mchezo wake katika teatri yake mwenyewe bila kualikwa na mtu. Wengine wakamfuata. Katika Off hakuna mkubwa anayechagua: kundi lolote likipata ukumbi wa kukodi, laingia. Mwaka 1987 In iliweza kuwaweka watu uani usiku kucha mpaka alfajiri, Antoine Vitez alipoonyesha mchezo mrefu wa Claudel uitwao Le Soulier de satin. Na mwaka 2024 Off ilihesabu michezo zaidi ya 1,600.

Fanyeni hesabu, nanyi wanafunzi muifanye katika daftari. Mtu akitazama michezo mitano kila siku kwa majuma matatu, ataona 105. Hatakuwa ameona hata mmoja katika kila kumi na tano. Basi atakayefika Avignon akitaka kuona yote, amekwisha kushindwa kabla ya kutoka stesheni. Mkamata mbili moja humponyoka, na huyu anataka kukamata elfu.

Sasa tuseme iko jamaa moja inayokaa Lyon: baba, mama, binti wa miaka kumi na minne na mvulana wa miaka tisa. Wana siku tano na fedha kidogo. Baba anataka kuona mchezo mkubwa katika ua wa Mapapa, kwa sababu amesikia habari zake tangu shuleni. Mama amechoka na kazi, anataka kucheka. Binti anataka dansi. Mvulana hataki kitu, ila kuogelea. Wasipofanya shauri mapema, siku ya pili watakuwa wamegombana njiani, jua kali likiwachoma, na kila mmoja atasema kwamba fedha zimepotea kwa ajili ya mwingine. Je, wafanye nini?

Kwanza, walale wapi? Hilo litangulie tikiti zote. Mwezi wa Julai vyumba vya Avignon hukodiwa miezi mingi mbele, tena kwa bei ya juu. Wengine hulala katika miji ya jirani, wakaingia asubuhi kwa treni. Wengine hupiga hema katika kisiwa cha Barthelasse, ng'ambo ya mkono mmoja wa mto. Anayengoja mwezi wa Juni ndipo atafute kitanda, atalipia kitanda fedha za michezo.

Pili, wahesabu nguvu za mwili kabla ya fedha. Siku ya kufika wasinunue tikiti yoyote: watembee, wachukue kitabu cha Off, waangalie mji. Siku tatu za katikati, michezo miwili kila siku, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Maana mchana joto la huko laweza kupita digri 35, na mtoto aliyechoka hasikii neno la mchezaji. Siku ya mwisho mchezo mmoja wa asubuhi, kisha treni. Jumla ni michezo saba. Yatosha. Anayeona saba na kuikumbuka ni tajiri kuliko aliyeona ishirini na kuichanganya.

Tatu, kila mtu apewe haki yake. Katika hiyo saba, minne ichaguliwe na wanajamaa wanne, kila mmoja wake, na wengine wamfuate bila kununa. Mvulana naye achague. Kwa miaka mingi michezo ya watoto imekuwa ikionyeshwa katika kanisa dogo la Pénitents Blancs, nayo hutengenezwa kwa bidii ileile ya michezo ya watu wazima. Mtoto aliyefuatwa na baba yake katika mchezo wake, kesho atamfuata baba katika mchezo wa baba.

Wa tano uwe ule wa usiku mkubwa, uani pa Mapapa. Hapo pana viti kama 2,000, na mchezo huanza giza likiisha kuingia, karibu saa nne za usiku. Tarumbeta hulia kwanza. Muziki wake ulitungwa na Maurice Jarre. Mchukue nguo ya baridi, hata kama mchana mlitoka jasho, kwa maana upepo wa mistral huingia uani bila tikiti. Na mfike mapema: ikigonga saa, anayechelewa aweza kukuta mlango umefungwa, naye hana wa kumlaumu. Mvulana wa miaka tisa labda hatauweza usiku ule. Basi mmoja wa wazazi atabaki naye. Lakini mbona kila mara iwe ni mama? Baba akitaka kweli kwamba jamaa yake ipende teatri, siku moja abaki yeye hemani, mama aende na binti.

Iliyobaki ni miwili. Hiyo waiache tupu, wasiichague mpaka wafike. Na hapo ndipo methali yetu inapotungoja.

Maana katika njia za Avignon hutaweza kupita bila kuzuiwa. Kila nguzo, kila kizuizi cha dirisha, kila uzio umefungiwa matangazo ya karatasi kwa kamba. Wachezaji wenyewe hutembea katika nguo zao za mchezo: mfalme mwenye taji ya karatasi, bibi arusi, askari. Wanaimba, wanapiga ngoma, wanakupa kikaratasi mkononi na kukueleza mchezo wao. Mtu aliyelelewa na methali yetu atasema: Hawa wanajitembeza, basi ni wabaya. Naye atakosea.

Sikilizeni sababu. Kundi la Off halilipwi ili kuja. Kwa kawaida ndilo linalolipa: kodi ya ukumbi kwa saa moja na nusu au mbili za kila siku, nyumba ya kulala, chakula, safari, matangazo. Baada ya mchezo mmoja vyombo vyote huondolewa upesi, kundi lingine laingia, na hivyo tangu asubuhi mpaka usiku. Makundi hutumaini kwamba wakubwa wa teatri za miji mingine watakuja, watapenda, na kuwaalika mwaka mzima unaofuata. Wakipata, wamepona. Wasipopata, hurudi kwao na deni. Basi yule kijana aliyekupa kikaratasi saa sita za mchana huenda akacheza jioni mbele ya watu wanane. Hatembei kwa sababu kazi yake ni mbaya. Hutembea kwa sababu kati ya michezo 1,600 chema hakiwezi kujiuza chenyewe. Na kibaya nacho hutembea, tena karibu naye.

Basi tutavitengaje? Usiangalie rangi ya tangazo. Zungumza na mchezaji, umwulize: Mchezo wenu wasimulia nini? Akijibu kwa maneno mepesi, na macho yake yakionyesha kwamba anauamini, hiyo ni dalili njema. Akikutajia tu sifa zilizoandikwa gazetini, ngoja kidogo. Kisha waulize waliotoka ukumbini jana. Katika foleni za Avignon watu wasiojuana hushauriana kama ndugu. Tena iko kadi ya Off: ukiinunua, bei ya tikiti hupungua kama asilimia 30.

Sasa mwaona kwa nini nilitaja uchaguzi wa Vilar. Mwaka 1947 alikuwa na mambo matatu tu ya kuonyesha, akampa kijana nafasi moja katika tatu. Nasi tukiwa na saba, tusizitoe zote kwa majina makubwa. Wale wenye majina leo, jana hawakuwa nayo. Dieudonné Niangouna alizaliwa Brazzaville mwaka 1976, ng'ambo tu ya mto wetu. Mwaka 2003 alianzisha kwao sikukuu ya teatri iitwayo Mantsina sur scène. Miaka kumi baadaye, mwaka 2013, In ya Avignon ilimfanya mmoja wa wasanii wawili walioshiriki kuitengeneza sikukuu, naye akaonyesha mchezo wake Shéda katika shimo la mawe la Boulbon. Faustin Linyekula, mwenye kazi yake Kisangani, naye amekwisha kucheza Avignon. Mtu wa kwanza aliyeketi mbele yao, zamani, katika ukumbi mdogo, alilipia jina asilolijua.

Neno la mwisho ni dogo, lakini wengi hulisahau. Mchezo ukiisha, msikimbilie mwingine. Kaeni kivulini, mnunue maji, na kila mmoja aseme alichokiona. Mtashangaa: binti ameona jambo ambalo baba hakuliona, na mvulana ameelewa kwa nini yule mzee alilia. Mazungumzo hayo hayana tikiti, nayo ndiyo yatakayorudi nyumbani pamoja nanyi.

Nanyi mnaobaki hapa, msiseme kwamba haya ni ya watu wa Ulaya. Wanafunzi wa shule yenu watakapoonyesha mchezo mwisho wa mwaka, na mmoja wao akija mlangoni kwenu kuwaalika, msimjibu kwamba kibaya chajitembeza. Mwulizeni mchezo wao wasimulia nini. Kisha mwende, mkae mbele.