Kupendwa Facebook Si Kutangulia Google

Mwandishi aliyetangaza karibuni kwamba mkamuaji wa mafuta ya alizeti wa Singida, akitia picha Facebook na Instagram kila asubuhi na kuvuna sifa za watazamaji, atapanda bila shaka hadi safu ya kwanza ya Google, ametamka kwa yakini jambo ambalo ithibati yake hakuileta. Tangu mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walipoiasisi Google, mtambo huo umeupima ukurasa, pamoja na mengine, kwa viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine. Na viungo vya mitandao ya kijamii aghalabu hutiwa alama, iliyobuniwa mwaka 2005 ili kuuarifu mtambo usivihesabu kuwa ushahidi. Matt Cutts, akiinenea Google mwaka 2014, alieleza kwamba wingi wa wafuasi na wapendao haukuwa kigezo cha kupanga matokeo.

Sikatai kuwa picha huvuta macho, na katika macho hayo huenda likawamo jicho la mtu atakayekitaja kiwanda cha mkamuaji huyo katika ukurasa wake. Hiyo ni faida, ila ni ya kuzunguka. Lakini mnunuzi wa Dodoma aiulizaye Google tofauti ya mafuta ghafi na yaliyosafishwa, au namna mashudu yafaavyo kulishia kuku, atajibiwa na nani, ikiwa wakamuaji wa Iramba na Mkalama, huko huko Singida, wenye ilimu hiyo mikononi, hawaiandiki kwa Kiswahili, na mwandishi wetu (Mungu amzidishie subira) anawahimiza wacheze mbele ya kamera?