Mgeni Anaponung'unika

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya jambo linalowagusa wengi wetu huku Karatu. Barabara ya kwenda Ngorongoro inapita mlangoni petu, na wageni wanaokwenda kuona Kreta hulala kwetu usiku mmoja au miwili. Baadhi ya familia zimejenga vyumba vichache katikati ya mashamba yao ya kahawa na mboga, ili kuwapokea wale wanaopenda kula kilichochumwa siku hiyo hiyo. Si jambo jipya. Gibb's Farm, shamba la kahawa lililoanzishwa mwaka 1929, lilianza kupokea wageni mwaka 1972.

Wengine kati yetu hatuna vyumba, lakini tuna mabinti wanaotandika vitanda na kupika katika nyumba hizo. Wanaporudi nyumbani jioni tunaziona nyuso zao. Mara nyingi kilichowavunja moyo si uzito wa kazi, ni maneno ya mgeni mmoja tu.

Manung'uniko yanatoka wapi?

Mengi huanza kabla mgeni hajashuka garini. Kwao ameambiwa kwamba Afrika ni joto, kwa hiyo amekuja na nguo nyepesi. Hakuna aliyemwambia kwamba mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukingo wa Kreta unapita mita 2,200. Mwezi wa Juni hadi Agosti usiku wake ni baridi kali. Tena amekuta maji ya kuoga yanapashwa kwa kuni au kwa jua, na wageni wote wanayataka kwa wakati mmoja alfajiri, kwa sababu lango la hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kila dereva anataka kuwahi. Jogoo amewika usiku, samadi imenuka, na taa za nguvu ya jua zimefifia kabla hajamaliza kusoma.

Hayo yote ni maisha ya shamba. Mgeni akielezwa mapema huyapokea kama sehemu ya safari yake. Akiyagundua mwenyewe gizani, huona kwamba ametapeliwa.

Sisi wauguzi tunalifahamu jambo hili. Mgonjwa aliyeambiwa, "Mama, daktari yuko chumba cha upasuaji, utasubiri saa moja," hukaa akatulia. Yule asiyeambiwa kitu, baada ya nusu saa tu ameanza kugombana na kila mtu. Maumivu huenda ni yale yale, tofauti ni kwamba mmoja anajua kinachoendelea.

Sema mapema, usiahidi usichonacho

Mgeni akiisha kunywa chai ya kumkaribisha, mweleze kwa upole mambo machache: maji ya moto yanapatikana saa ngapi, taa huzimwa lini, blanketi la ziada liko wapi. Mwambie pia asitembee peke yake usiku, maana tembo na nyati hutoka katika msitu wa nyanda za juu wakaingia mashambani. Ni vizuri hayo yaandikwe kwenye karatasi mezani, na yatajwe hata wakati anapoomba nafasi.

Aidha, tusimwahidi mgeni kitu kisicho mikononi mwetu. Faru wapo katika Kreta, lakini hakuna awezaye kumwahidi mtu kwamba kesho atamwona faru. Anayeahidi hivyo ili kumfurahisha mgeni jioni, anamwandalia huzuni ya kesho yake.

Anapolalamika, fanya hivi

Kwanza, msikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Pili, rudia alichosema kwa maneno yako, ili ajue kwamba umemwelewa. Tatu, mpe pole bila kutoa visingizio. Habari za fundi aliyechelewa hazimpashi mtu joto. Nne, mwambie utafanya nini na saa ngapi. Tano, na hili ndilo husahaulika zaidi, rudi ukamwulize kama mambo yamekuwa sawa. Chupa ya maji ya moto iliyowekwa kitandani saa 2 usiku, kama ulivyosema, hutuliza kuliko maneno mengi matamu.

Weka daftari. Wageni watatu wa siku mbalimbali wakilalamikia bomba lile lile, basi tatizo ni bomba, si wageni. Tena tusimwogope mgeni anayesema. Wa kuhofiwa ni yule anayenyamaza, akatabasamu wakati wa kuaga, kisha akaandika kwenye intaneti kabla hajafika uwanja wa ndege. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mara nyingine mgeni hutuponya kwa kutuonyesha uchafu ambao macho yetu yameuzoea.

Akilalamikia tumbo

Lalamiko hili lisipuuzwe hata kidogo. Maji ya kunywa, ya kupigia mswaki na ya kuoshea kachumbari yawe salama. Huku milimani maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, kwa hiyo tusiyaepue yanapoanza tu kutoa mapovu. Yaachwe yatokote kwa dakika 1 nzima, na kwa walio juu ya mita 2,000, dakika 3. Maziwa ya ng'ombe wetu yachemshwe vilevile, hata kama mgeni anataka mabichi. Mgeni anayeharisha apewe maji yenye dawa ya chumvi na sukari inayouzwa katika maduka ya dawa. Akiwa na homa au akiona damu chooni, apelekwe hospitali bila kungoja.

Mipaka iwepo

Husemwa kwamba mteja ni mfalme. Lakini hata mfalme akiwa ugenini hufuata adabu ya nyumba. Mgeni anayedai chai yake iwe ya moto ana haki. Anayemtukana mpishi hana. Anayempiga picha mtoto wa jirani bila ruhusa ya wazazi hana. Na yule anayemwita binti chumbani usiku kwa kisingizio cha taulo, huyo hana malalamiko. Ana nia mbaya. Binti asiende peke yake. Mwenye nyumba aende mwenyewe, na ikibidi mgeni huyo aondoke, hata kama amelipia wiki nzima.

Hali kadhalika, si haki kumkata binti mshahara kwa sababu ya baridi au jogoo. Mama mwenye nyumba, ukiitwa na mgeni, simama mbele ya mtumishi wako. Kama amekosea, mrekebishe baadaye, mkiwa wawili. Nanyi mlio na mabinti kazini, waulizeni jioni wameambiwa nini leo. Binti anayejua kwamba mama yake atamsikiliza hatanyamaza siku atakapokuwa na jambo zito la kusema.

Tukutane mwezi ujao.