Ujumbe wa mchango wa harusi: kwa nini unakuja hata kama umeshalipa

Pamba ikishauzwa na mpunga ukishavunwa, msimu wa harusi nao umefika, na simu za Kahama, Msalala, Geita na Shinyanga zinaanza kulia kwa ujumbe uleule: unakumbushwa ahadi yako ya mchango. Wasikilizaji wetu wanauliza mambo mawili. Kwa nini ujumbe unaendelea kuja wakati mtu ameshalipa? Na utajuaje kama ni kamati kweli au ni tapeli?

Tuanze na namna unavyotumwa, maana siku hizi mara nyingi hakuna mtu anayekaa kuuandika. Kamati inalipia mfumo wa intaneti wa kusimamia sherehe. Mhazini anaingiza majina, namba za simu na kiasi alichoahidi kila mmoja, kisha anaupa mfumo maagizo mara moja tu: mtu akiahidi, mshukuru, zikibaki wiki mbili, mkumbushe ambaye hajamaliza, akimaliza, mtumie kadi. Kadi yenyewe huja kama picha yenye mchoro wa miraba unaosomwa kwa kamera mlangoni, au kama meseji yenye namba maalumu. Imeandikwa single au double, na ikishatumika, wa pili anayekuja nayo anarudishwa. Mwenye kitochi asiogope, ile namba ya kwenye meseji inatosha, mradi asiifute.

Tatizo liko hapa: kamati inapokusanya pesa kwa simu ya mhazini, mfumo hauioni pesa hiyo. Ni mhazini anayekwenda kuandika kwamba fulani amelipa. Tuseme umetuma 50,000 Ijumaa mchana. Mhazini yuko zamu ya usiku mgodini, au yuko kijijini ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Jumamosi saa mbili asubuhi mfumo unafungua orodha, unakuta jina lako bado linadaiwa, unakutumia kikumbusho. Unaona umedharauliwa, kumbe ni daftari lililochelewa. Tena mashine haijui kwamba wiki iliyopita umezika. Mhazini wa zamani angejua, na angekaa kimya.

Kwa maoni yetu, kamati zitazame hili kabla ya kusifia urahisi. Mtu mmoja apitie orodha kabla ya kila kikumbusho kutoka, awaondoe waliolipa na wenye msiba. Ni kazi ya nusu saa. Malipo yakipitia namba ya malipo iliyounganishwa na mfumo, walioshalipa wataondoka kwenye orodha wenyewe. Wenye msiba hapana, hao wanahitaji mtu.

Sasa utapeli. Kila mtu anaijua "ile hela tuma kwenye namba hii". Vikumbusho vya mashine vimewarahisishia matapeli kazi, kwa sababu tumezoea kudaiwa pesa kwa ujumbe usio na sauti ya mtu tunayemfahamu. Kwa hiyo namba ya kupokea mchango itajwe kikaoni au kwenye kadi ya mchango, na isibadilishwe kwa ujumbe hata siku moja. Wewe unayelipa, soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Likiwa si la mhazini, acha, umpigie ndugu wa bwana au bibi harusi kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Ujumbe wa kitapeli uupeleke TCRA kwa namba 15040.

Liko jingine ambalo halisemwi sana. Harusi ikiisha, orodha inabaki: majina, namba za simu, na kiasi alichotoa kila mtu. Katika ukanda huu wa dhahabu, orodha inayoonyesha nani alitoa milioni si karatasi ya kuachwa mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo alilozikusanyia. Namba uliyoitoa kwa harusi ya Juni haipaswi kupokea matangazo ya ukumbi mwezi Agosti. Ikitokea, una haki ya kudai waache, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nayo kamati, kabla haijavunjwa, imuulize mwenye mfumo: orodha yetu itafutwa lini, na nani atatuonyesha kwamba imefutwa?